Kak Yati Anashuka Ndege ya Medan

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi. Rohayati binti Saad, dada yetu tunayemwita Kak Yati, anastaafu tarehe 30 Juni. Ni mkuu wa wahudumu wa ndege ya jioni, Penang kwenda Medan. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameona niandike mimi, Kamariah, ninayemwonea wivu kuliko mtu yeyote kazini. Afadhali niseme mapema.

Tazameni njia yenyewe. Ni kilomita kama mia mbili na arobaini juu ya mlango wa bahari, hata saa nzima haifiki. Na kwa kuwa saa za Medan ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, Kak Yati huondoka saa moja jioni na kutua saa moja ile ile. Mimi nimepangiwa Kota Kinabalu, karibu saa tatu angani, na abiria akishuka hakumbuki hata jina langu. Yeye kwa muda mfupi hivyo kaalikwa harusi ngapi! Kila akirudi kashika boksi la bika ambon, ile keki ya manjano yenye vitundu, zawadi ya abiria. Hunigawia. Nakula, na roho inaniuma.

Sifa yake kubwa aliipata Ramadhani moja. Adhana zililia kwenye simu za abiria, zote zikifuata saa za Penang, watu wakanyanyua tende. Kak Yati akapita mbio katikati ya viti.

"Rudisheni! Nyie mko juu, jua bado linawatazama! Pak Daulay, hebu chungulia dirisha la kulia!"

Pak Daulay, mfanyabiashara wa Medan asiyekosa safari hiyo, akachungulia. Jua lile pale, jekundu.

"Masalale, Kak! Funga yangu ilikuwa inakwenda hivi hivi!"

Tangu hapo hakuna anayetazama saa. Wanamtazama yeye.

Mwaka jana niliazimwa safari hiyo wakati wa mfungo. Jua lilipozama kabisa, nikatangaza kwa sauti yangu nzuri kwamba tufuturu. Hakuna aliyegusa tende.

"Kak Yati kasema?" Pak Daulay akauliza.

Kak Yati akaitikia kwa kichwa kutoka nyuma, ndipo ndege nzima ikafuturu.

"Usikasirike, mdogo wangu," aliniambia. "Wamenizoea tu."

Nilikasirika.

Kuanzia Julai njia hiyo ni yangu, nami nimeililia muda mrefu. Sasa nasikia Kak Yati ameshakata tiketi ya jioni ya kwanza ya Ramadhani ijayo, kiti cha mbele, dirisha la kulia.

Asante kwa yote, Kak, keki zikiwemo. Sote tunakuombea afya, raha na maisha mema. Jioni hiyo nitashika kipaza sauti, na abiria wote watakugeukia wewe kabla ya kugusa tende. Nami nitakugeukia kabla ya kutangaza.