Ujumbe wa Mama Uliokaa Kwenye Simu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe leo na mtu ambaye angependa kukaa kuliko kusimama hapa.

Wengi wenu hapa Mkata mnanijua: mimi ndiye mtoto wa marehemu Mama Eliya, yule anayeishi Korogwe na kuandika makala gazetini. Mama alinitambulisha hivyo hata kwa wauza mihogo. Nilijifanya naona haya. Sikuona.

Mama alipogundulika ana presha, nilikuja kumpeleka kituo cha afya pamoja na mdogo wangu Rehema, aliyekuwa akiishi naye. Nesi akatueleza utaratibu mpya: tarehe ya kurudi kuchukua dawa itatumwa kwenye simu. Akaomba namba.

"Andika yangu," Rehema akasema. "Mimi ndiye ninayelala naye."

"Kale kasimu kako kanakofungwa kwa mpira?" nikamcheka. "Nesi, andika yangu."

Mama akaniunga mkono: "Andika ya msomi."

Ndugu zangu, ujumbe ulikuja! Haukukosa hata mara moja. Ulinikuta kwenye semina, ulinikuta nakula chipsi, nikasema nitampigia Rehema baadaye. Siku zile nilikuwa naandika makala ndefu ya kusifu jinsi simu inavyomletea mkulima huduma za afya hadi kiganjani. Ujumbe wa Mama uliingia nikiwa katikati ya aya. Nikaufunga, nikaendelea na aya yangu.

Huku Mkata dawa ziliisha. Rehema alitaka waende tu, Mama akakataa: "Hawajatuita. Wakituita, kaka yako atatuambia." Alinisubiri mimi! Akaanguka uani akipepeta mahindi, mdomo ukaenda upande, na hatukusikia tena sauti yake mpaka tunamzika.

Msibani shangazi zangu walimgeukia Rehema. "Ulikuwa unakula naye sahani moja, hukuona dawa zimekwisha?" Nami nilikuwa najua. Simu ilikuwa mfukoni. Nikasimama, nikatoa hotuba! Nikasema, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba wanaobaki nyumbani na wazee wawe makini. Watu walilia. Rehema akainamisha kichwa, na tangu siku ile hakukanyaga tena kanisa hili.

Wiki chache baadaye, nikiwa stendi ya Korogwe, simu ikaita kidogo. Ujumbe ulisema: "Mama, hujafika kuchukua dawa zako. Tafadhali njoo." Nilimlilia Mungu palepale, wapiga debe wakinitazama. Sikuwa na uso wa kuomba msamaha; niliomba ujasiri tu. Nikapanda basi la kuja huku.

Nilimkabidhi Rehema simu, akasoma ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini. Kisha akanitazama.

"Kaka, chuo kikuu chote kile, meseji ya mistari miwili ikakushinda?"

Nilidhani atanipiga. Laiti angenipiga! Alikaa chini akalia. "Mimi nilishajiambia kwamba nimemuua Mama," akasema. "Sasa usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Ndiyo maana nimesimama. Shangazi zangu mlio benchi la mbele, Rehema hana kosa. Ni mimi! Bwana amenitoa katika uongo ule. Huzuni hajaniondolea, wala sijamwomba aiondoe.

Simu ni baraka, ndugu zangu; wapo humu wanaoishi kwa sababu waliitwa na simu. Lakini kama umeandikisha namba yako kwa ajili ya mzazi, ujumbe ule si wako. Ufikishe leo. Na wewe unayemwona mwingine akiadhibiwa kwa kosa lako, mtumaini Mungu huyu useme. Mimi ni mwoga kuliko ninyi nyote, na amenishikilia mpaka neno hili la mwisho.

Namshukuru kwa jambo moja zaidi. Rehema amekuja. Amekaa kule nyuma karibu na mlango, tayari kuondoka. Shangazi zangu, msimwache atoke kabla hamjamshika mkono.