Tairi za Matope na Macho ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na ninyi mliowahi kukwama kwenye matope mkiwa na mkwe garini, msifuni mara mbili. Mimi ni mkazi wa Mugumu, mume wa Mama Bhoke, mtu mwenye shahada na miwani. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na kiburi kwa kutumia tairi nne. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele kuna mahali pa kulia kidogo.

Nina pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuja kwangu ikiwa na tairi nyembamba na rimu nyeusi za chuma. Nikaona haifanani na mtu wa kiwango changu. Nikaivisha tairi pana za lami na rimu zinazong'aa kiasi cha mtu kuweza kujinyolea ndevu mbele yake. Zile rimu za chuma mke wangu alizitia nyasi, kuku wakawa wanatagia humo.

Fundi Marwa, anayetengeneza tairi karibu na soko, alilizunguka gari mara moja tu.

"Mwalimu, hivi ni viatu vya harusi. Wakwe zako si wako Kenyamonta?"

Nikamfundisha habari za msuguano, jinsi tairi pana linavyoshika barabara, kama nilivyosoma chuo kikuu.

"Huo msuguano," akasema, "na matope nayo yameusoma?"

Nilipandisha kioo nikaondoka. Ndugu zangu, kiburi kina kioo kinachopanda haraka sana.

Sasa mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wajukuu aliwatambua kwa sauti. Masika ile tukasikia madaktari wa macho wanakuja hospitalini Mugumu kwa siku mbili tu. Siku ya pili nikaenda kumchukua. Mnajua mila yetu Wakurya: mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani, hawatazamani usoni, na neno likiwepo hupitia kwa mtu mwingine. Tuliookoka tumelegeza kidogo, lakini yeye hajalegeza hata nukta. Kwa hiyo alikaa nyuma kwenye bodi, juu ya godoro, na binti yake pembeni. Mimi mbele, peke yangu kama waziri.

Kwenye bonde la udongo mweusi gari likazama. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Mke wangu akashuka kusukuma. Kisha nikasikia kishindo cha mtu wa pili akishuka. Mama mkwe, asiyeona, alipapasa ubavu wa gari mpaka nyuma, akaweka mikono, akasukuma. Nami, badala ya kuzima injini, nikakanyaga tena.

Zile tairi pana zilizunguka bure na kumrushia matope yote, kuanzia kilemba hadi miguu. Nilimpaka matope mama mkwe wangu! Na kwa mila sikuweza hata kushuka kumfuta. Nikabaki nimeshika usukani, nikimwona kwenye kioo cha pembeni akijifuta macho yasiyoona. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia:

"Muulize mume wako, hili gari kalileta linibebe, au nilibebe?"

Tulivutwa na maksai wanne wa Mzee Nyamhanga, aliyekuwa akilima ng'ambo. Tulipofika hospitalini, madaktari walikuwa wameshafunga masanduku yao. Muuguzi akasema watarudi, tusubiri tangazo. Mama akarudishwa Kenyamonta na giza lake. Mwezi uliofuata aliungua mkono akitafuta sufuria jikoni. Siku hiyo, ndugu zangu, niliingia ndani ya pikapu, nikafunga mlango, nikalia mbele za Mungu. Sikuomba gari jingine. Niliomba masikio.

Nilikwenda kwa Marwa nikamweleza yote. Nilitegemea acheke, hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Alisema tu, "Leta zile rimu za chuma." Nikawahamisha kuku. Akazivisha tairi nyembamba, ndefu, zenye meno makubwa kama ya jembe, akanipa na somo: "Tairi pana linaelea juu ya utelezi. Hili linakata mpaka chini kwenye ardhi ngumu. Ukifika pabaya, punguza upepo kidogo, ingiza gia nzito, na usikimbie. Matope hayaogopi kelele." Niliandika kwenye daftari. Ndiyo, mimi niliyefundisha msuguano.

Vuli madaktari wakarudi, na mvua ikarudi nao. Bonde lilikuwa baya kuliko mwanzo. Mzee Nyamhanga alituona, akawasogeza maksai wake.

"Mwalimu, niwafunge kabisa?"

"Shikamoo mzee. Leo waache walime."

Nilishuka, nikapunguza upepo, nikaingia taratibu kama ng'ombe aendaye kunywa maji. Gari lilizama, likatafuta, likashika. Likapanda ng'ambo bila mtu kushuka. Nyuma nikasikia mama mkwe akiuliza, "Lile bonde bado?" Mke wangu akamjibu, "Mama, tumeshalipita." Sijawahi kusifiwa hivyo na jopo lolote la maprofesa.

Alipasuliwa jicho moja, na kesho yake bandeji ikatolewa. Alipotoka nje alinigeuzia mgongo, kama mila inavyotaka, akawa ameelekeana na gurudumu la nyuma. Akaliinamia. Akayagusa yale meno moja moja, akitazama kwanza, kisha ndipo akigusa.

"Mwambie mume wako nimeyaona," akasema. "Na mwambie ayaoshe. Ni machafu."

Namshukuru Mungu aliyenivumilia nikiwa nang'aa na kuteleza. Mnapopita njia ya Kenyamonta mkiona pikapu yenye miguu ya chuma na mwenyewe amevimba kifua, msinihukumu. Kile kiburi cha kwanza kilitoka, hiki nadhani ni furaha. Nawe uliyekwama leo, mtumaini yeye. Na akikutumia jibu kupitia mtu mwenye mikono ya grisi, usipandishe kioo.

Nami naomba kuketi, kisha nikatafute ndoo na brashi. Nimeagizwa.