Bilonda na Ufa Uliogeukia Kambi

Batata na bamama, ndugu wa kazi, majirani, mimi ni Nkulu, mdogo wa marehemu, jamaa imenituma nisome maisha yake.

Dada yetu Bilonda alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Malemba, akasoma kwa masista Kamina, akamaliza masomo ya hesabu Lubumbashi mwaka 1971, mwaka nchi ilipopewa jina la Zaïre, kisha akaingia kazini hapa Kolwezi, akaolewa na tata Mbayo, fundi wa umeme wa bwawa la Nzilo, wakajaliwa batoto wawili, Mwamba na Mbombo.

Kazi yake ilikuwa kukadiria, kwa mashini kubwa ya hesabu, namna jiwe la chini linavyopasuka likisukumiwa maji kwa nguvu, kwa kuwa kampuni moja ilitaka maji yapite katika jiwe lenye moto, yarudi juu yakiwa mvuke, yazungushe mitambo ya umeme. Mwaka 1975 shimo lilitobolewa ng'ambo ya mgodi wa Mashamba, na wakubwa walitazamia ufa uelekee porini, lakini kila Bilonda alipobadili namba katika mashini, ufa wa hesabu uligeuka, ukaenda chini ya kambi ya wafanyakazi, kama mtu anayerudi kwake.

Mkuu wake alimwambia, "Mama, mashini inakosea."

Akajibu, "Pengine inakosea, tata, lakini batoto banalala pale juu. Tubatoshe pale kwanza, tubapeleke mbali."

Hakunyamaza mpaka malori yalipoletwa, na tarehe 14 Agosti, mchana, kambi ikiwa tupu, pampu iliwashwa, na sisi tuliosimama barabarani tukasikia kugongwa chini ya ardhi, kama kwa ngumi, nyumba kwa nyumba, na sakafu zikapasuka, zikatoa mvuke. Hakuna aliyeumia. Pampu ikazimwa, na kwa hesabu zake zote ufa ulipaswa kusimama palepale, lakini kugonga kule kuliendelea, kukaiacha kambi, kukaelekea mjini. Kazi ile ilifungwa, naye alirudia hesabu miaka yote, asipate sababu.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 1982, na tarehe 3 Juni 1983, alasiri, akiwa hospitalini hapa mjini, alimwomba bwana yake aweke kiganja sakafuni, akauliza, "Ule ufa, bado unatembea?"

Tata Mbayo ametupa ruhusa kusema leo kwamba sakafu ilitetemeka chini ya mkono wake, naye akamjibu, "Hapana, mama Mwamba, umesimama." Uso wa dada ukalegea, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari, majirani, ndugu wa kazi, na jamaa zote za kambi ile, waliokuja leo pamoja na batoto babo.

Bilonda, dada yangu, Mungu akulaze mahali pa utulivu.