Neno la Kwanza la Mzee

Basi lilikuwa linapanda kuelekea Mogogosiek nilipomsikia mama aliyetoka kumwona mumewe hospitalini akimwambia jirani yake wa kiti, mwanamke muuza ndizi wa Kisii, "Leo mzee wangu ameniita bahaluli." Muuza ndizi akauliza hiyo ni nini. "Ni mjinga. Kila jioni alikuwa anaokota neno moja gumu kwa redio, anatufundisha nyumbani, na usipolitumia hunywi chai. Mpaka pale tunapouzia majani chai watu walikuwa wanamkimbia." Hata mimi ningemkimbia.

"Sasa amekutusi na wewe unacheka?"

"Mama, tangu apooze hajaongea. Bahaluli ndiyo neno alitufundisha ile siku alianguka. Leo nimemwaga uji kwa shuka, akaniangalia, akasema."

Muuza ndizi hakukubali. Kwake yeye, mgonjwa mwenye adabu huanza kwa kuomba maji. "Maji ataomba kesho," mwenzake akasema.

Basi likasimama. Mke wa mzee akashuka, kisha akageuka pale mlangoni. "Nesi pia aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni jina langu."