Jozi Mia Tatu za Kwenda Ng'ambo

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi wa viatu vya tairi lina miguu mitatu na jiwe moja, lakini limebeba akili nyingi kuliko chuo kikuu chochote, na chuo chenyewe ukikibana kitakubali shingo upande. Asubuhi hiyo lilikuwa na Kinyozi, ambaye vichwa vyake vya kunyoa vilikuwa havijaamka. Muuza Kahawa, birika miguuni. Na katikati, amejitanua kama meneja wa benki, Kontena. Huyo alibeba mizigo bandarini miaka kumi na moja, na anaamini kabisa kwamba bila mgongo wake mataifa yasingewahi kuuziana hata sindano. Fundi yeye alikuwa wima, simu mkononi. Msafiri aliyenunua jozi moja mwezi uliopita amemwandikia kutoka ng'ambo: anataka jozi mia tatu, na asipopata jibu kabla ya saa sita mchana anahamia kwa fundi mwingine.

— Saa ngapi sasa? Fundi akauliza.

— Nne na robo, Kinyozi akasema. — Ya kwetu lakini. Ya kwao sijui.

— Kwao bado ni jana, Kontena akasema. — Una siku nzima ya ziada. Ndiyo biashara ya kimataifa hiyo, unamuuzia mtu aliye jana.

— Kaka, nimjibu nini?

— Usijibu haraka, atajua una shida.

— Shida si ninayo? Tangu hao wa ng'ambo waanze kutushushia viatu vya plastiki, wiki mbili nimeuza jozi nne. Hii ikinipita nafunga kibanda, naenda kuosha magari kwa shemeji.

Huyo shemeji wote benchini walikuwa wanamjua, na ubahili wake.

— Mimi kitu kimoja sielewi, Kinyozi akasema. — Wao wanatuletea viatu vyao, sisi tunawapelekea vyetu. Meli mbili zinapishana katikati ya bahari zinapigiana honi. Si kila mtu angebaki na vyake tu?

— Halafu mimi ningebeba nini? Kontena akauliza, na aliumia kweli.

Muuza Kahawa akamwongezea kahawa kumpoza. Ikampoza vibaya, maana alisimama.

— Sikilizeni niwafundishe utandawazi, mimi sichukui ada. Tairi limezaliwa kwao. Limekuja huku kufanya kazi, limezeeka, limestaafu. Fundi analikata, linarudi kwao likiwa kiatu. Wao wanavaa, wanachoka, wanaliyeyusha, linakuwa tairi, linakuja tena. Dunia nzima ina tairi moja tu, jamani. Mimi mwenyewe nimelibeba mara sita.

— Ulilijuaje kuwa ni lilelile? Kinyozi akauliza.

— Mgongo unakumbuka.

— Kuna forodha pia, Muuza Kahawa akasema polepole. — Watauliza hiki ni kiatu au ni tairi. Ukisema tairi, watataka kuliona gari.

Fundi akafuta alichokuwa ameandika kwenye simu. Kwa mara ya nne.

Hapo ndipo alipofika dada muuguzi, sare nyeupe, katoka zamu. Akaomba viatu vya kusimamia wodini, akavua cha mguuni bila kuambiwa. Fundi akatandika boksi chini, dada akakanyaga, penseli ikazunguka mguu taratibu, kisigino mpaka kidole gumba, kama anavyowafanyia wateja wote. Kontena hakukosa nafasi.

— Dada, una bahati. Huyu kuanzia kesho anavisha ng'ambo, jozi mia tatu.

— Hongera, Fundi. Na miguu yao umeichora lini?

Penseli ikasimama.

Kinyozi akamtazama Muuza Kahawa. Muuza Kahawa akatazama birika.

— Kontena, Fundi akasema, — wewe unawajua wale. Miguu yao ikoje?

Miaka kumi na moja yote ikampita Kontena kichwani, kreti kwa kreti. Alitafuta mguu hata mmoja, asiupate.

— Mizigo, akasema kwa sauti ndogo, — ilikuwa inakuja imefungwa.

— Si umuulize mwenyewe? dada akasema.

Fundi akaandika: *Miguu ni ya akina nani?* Akatuma kabla Kontena hajatoa ushauri. Wakaikodolea simu macho kama wanasubiri itage yai. Ikalia. Fundi akasoma kwa sauti.

— "Hata mimi sijui. Ni vya wageni wa hoteli. Bado hawajafika."

Mia tatu, na hakuna mtu duniani anayejua mguu wa nani.

Fundi akaandika neno moja, *Nimekubali*, akatuma saa tano kasoro robo. Kisha akaingia kibandani, akatoka na boksi kubwa la friji, akalitandaza mbele ya benchi.

— Vueni viatu. Wageni ni ninyi.

Dada akawa mguu mdogo, Kinyozi wa kati, Muuza Kahawa mpana. Kontena alisubiri wote wamalize, akavua soksi kwa heshima zote, akakanyaga kama anayezindua daraja. Fundi akainama. Akautazama ule mguu, na kile kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake tangu siku kilipoangukiwa na kreti.

— Huu hauendi ng'ambo, akasema. — Sogea, kaka, unanikanyagia boksi.