Kumuaga Mwalimu Tobia wa Matarumbeta

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kigwa na Goweko, na wewe Mwalimu Tobia uliyekaa hapo mbele na leso mdomoni: Bwana Yesu asifiwe! Mimi ni Jeska, mpuliza tarumbeta, nimetumwa na wenzangu kumuaga mwalimu wetu.

Wenyeji wa Ipuli mnakumbuka tulivyomzika Mzee Raymundi. Tulipuliza vizuri kutoka nyumbani hadi makaburini. Jeneza lilipoanza kushuka, ubeti wa mwisho ukatushinda, kila tarumbeta ikashika njia yake. Mama Martha, mjane wake, aliacha kulia akatutazama. Wapo waliosema vyombo vifungiwe stoo, na sikuwalaumu.

Ndipo akaletwa Mwalimu Tobia. Hakutugombeza. Alituambia tufanye zoezi kama kawaida yetu, akasikiliza, akacheka.

"Kila mkikosea mnarudi mwanzo," akasema. "Mwanzo mmeunenepesha, mwisho mmeunyima chakula!"

Nani kati yetu alikuwa amewaza hivyo? Tangu siku ile tulianzia mstari wa mwisho. Tuliuimba kwanza bila chombo, kisha tukaupuliza taratibu, taratibu mno hata vijana wakanung'unika, na palipokwama tulibaki hapo hapo mpaka pakalainika. Midomo ikichoka, unapumzika, unamsikiliza jirani yako. Mama Martha alipojengea kaburi la mumewe alituita tena, na safari hii alilia mpaka mwisho.

Sasa meno ya mbele ya mwalimu yameng'oka, na tarumbeta inataka meno. Amewaambia wazee kwamba asiyeweza kupuliza hana cha kufundisha. Ndiyo maana leo tunakula pilau la kuagana.

Mwalimu, shikamoo. Uniwie radhi, nakupinga mbele ya watu. Hivi ulitufundisha kwa meno? Ulikuwa unakaa kwenye benchi, umefumba macho, unanyoosha mkono, tunajua tumeharibu. Tunakupenda, na bila wewe tutaharibika tena.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunisikiliza, ila kuaga kumenishinda. Mwalimu, zawadi chukua, nyumbani nenda kapumzike. Jumanne saa kumi jioni benchi lako litakuwepo. Usipokuja, tutakuja na vyombo vyote kufanyia zoezi uani kwako, na majirani wakilalamika, utawajibu wewe.