Penalti Ambayo Laurean Ngabo Hakuitoa

Wasikilizaji wapendwa, kama mna chungu jikoni punguzeni moto, mje karibu na redio. Mimi ni Leah, na leo tunamkumbuka Laurean Ngabo. Laurean Ngabo, mwamuzi wa mpira wa miguu, aliyetutoka wiki iliyopita hapa Kigali. Wengi wenu mlimfahamu. Wengine mlimtukana, msikatae.

Laurean alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda. Alirudi huku akiwa kijana, na Kiswahili chake cha Kagera hakikumtoka mpaka mwisho. Siku za kazi alifundisha hesabu sekondari. Wikiendi alichezesha mpira. Mkewe, Claudette, anasema kaptula yake ya uamuzi aliipiga pasi mwenyewe. "Hakuniruhusu hata kuigusa," anasema. "Alisema mwamuzi mwenye mikunjo hasikilizwi."

Alichezesha mechi nyingi, lakini watu wanamtaja kwa moja tu. Uwanja wa Nyamirambo, miaka zaidi ya kumi iliyopita, dakika za mwisho, timu hazijafungana.

Mimi si mtu wa mpira, basi nitaeleza kama nilivyoelezwa. Mshambuliaji Shimwa, kijana wa palepale Nyamirambo, aliingia kwenye boksi akapiga shuti. Mpira ukapaa juu ya goli. Sikilizeni vizuri hapo: mpira ulikuwa umeshaondoka mguuni. Umeshaondoka kabisa. Ndipo beki Rodney akamvaa kwa miguu miwili. Mguu wa Shimwa ukavunjika, na hakucheza tena maisha yake yote. Laurean akaonyesha goli kiki. Hakutoa penalti.

Tangu siku ile mji huu haujapatana. Wako wanaosema mpira ukishaondoka hakuna faulo, ni ajali tu. Wako wanaosema sheria haiulizi mpira uko wapi, inauliza mtu amefanywa nini. Nimewasikia wakibishana kwa kinyozi, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa, Biblia mkononi.

Na nimewasikia kwenye ikiriyo, yaani matangani. Ndiyo, kwenye ikiriyo ya Laurean mwenyewe, kule Niboye, tumekaa na wafiwa kama ilivyo desturi. Wanaume wakaanza. Mmoja akatoa simu yenye ile video ya zamani, yenye ukungu, kila mtu anaona anachotaka. Rodney alikuwepo. Siku hizi ana gereji Gikondo.

"Mpira ilikuwa imeshaenda!" Rodney akasema. "Mimi niko mbio. Ningesimama na breki gani?"

"Sasa kama mpira imeenda, wewe ulikuwa unafuata nini?" akajibiwa.

Nilitamani kuwafukuza wote. Claudette akatokea na sinia la chai. Mwenye simu akaificha mfukoni, kila mtu anaangalia viatu vyake. Claudette akaweka sinia chini, akasema, "Endeleeni tu. Yeye hakuacha hata siku moja."

Kisha akatueleza. Mumewe alikuwa akishtuka usingizini, anakaa kitako, anasema ameusikia. Ameusikia nini? Mguu. Aliusikia ukivunjika, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hakuuona. Macho yake yalifuata mpira kule juu. Hapo chini palipokuwa na mtu hakupaangalia. Aliposikia ule mlio akageuka, Shimwa yuko chini, na yeye tayari ameshanyoosha mkono kuonyesha goli kiki.

Kwa nini hakusema? Waamuzi wana desturi yao. Filimbi ikishalia, mwamuzi hana maneno. Haelezi uamuzi wake, si kwa waandishi wala kwa mchezaji. Laurean aliishika desturi hiyo, nayo ikamshika yeye.

Lakini alijaribu. Shimwa alipopona akajifunza kushona, akafungua kibanda Nyamirambo. Laurean akawa mteja wake. Claudette anasema, "Nilimkuta na wembe, anafumua pindo la suruali isiyo na kasoro. Leah, suruali mpya! Kisha anavaa kofia, anapanda pikipiki kwenda kwa Shimwa. Anarudi, namuuliza umemwambia? Anasema leo kulikuwa na watu."

Nikamfuata Shimwa. Anatembea anachechemea. Nikamuuliza kama alijua.

"Mimi ni fundi, mama," akaniambia. "Pindo iliyokatwa na wembe naijua. Muzee anakaa kwa kiti, anaangalia mguu yangu kwa pedali. Namaliza, anasema asante, anaenda. Na mimi iko nangoja aseme. Sitakudanganya, nilikuwa na hasira. Nilisema aanze yeye."

Hapo nilikasirika, nawaambia ukweli. Watu wazima wawili, hatua mbili kati yao, na miaka inakwenda. Mmoja anatafuta neno, mwingine analingoja.

Mwezi uliopita Laurean akapata kiharusi. Upande mmoja ukafa, sauti ikakata. Wiki iliyopita hali ikazidi, na Claudette, aliyejua habari za wembe, akampigia Shimwa simu. Shimwa akafunga kibanda akaja hospitalini.

Laurean alimtazama. Akautazama ule mguu. Kisha akainua mkono uliobaki na nguvu, akaunyoosha mbele, kidole kikaelekea sakafuni. Akakaa hivyo. Binti yake, Kaliza, alidhani anataka kandambili. Akainama kutafuta chini ya kitanda. Akauliza, "Papa, ni maji?" Mkono haukushuka.

Shimwa alielewa papo hapo. Hivyo ndivyo mwamuzi anavyotoa penalti. Ananyoosha mkono, anaelekeza chini, pale mpira utakapowekwa.

"Nikashindwa kusema," Shimwa ananiambia. "Machozi ikanishika, nikatoka nje. Nilirudi, wameshamfunika. Leo mimi ndiye silali. Ile mkono naiona kwa ukuta, naiona kwa nguo ya watu. Muzee alisema. Ni mimi sikujibu."

Wasikilizaji wapendwa, Laurean Ngabo amezikwa. Pole sana, Claudette. Pole, Kaliza, na usijilaumu kwa zile kandambili, usingeweza kujua. Pole Rodney, maana nilikuona ukilia nyuma ya gari. Na pole Shimwa. Hakuna aliyekuhesabu kati ya wafiwa, lakini umefiwa.

Kwetu tuliobaki, nawaomba tufikiri. Kama una neno la mtu, mpelekee, hata kama kuna watu. Na kama wewe ndiye unayengoja, anza leo kujiandaa utakavyojibu, kwa sababu siku neno hilo likifika linaweza kufika bila sauti.

Shimwa ameniomba kitu kimoja. Anasema mzee alikuwa akisikiliza kipindi hiki kila wiki, na hajui pengine pa kumfikia. Kaja hapa studio na nguo zake za kazi, uzi bado uko begani. Nampa kipaza sauti.

"Muzee Laurean, ni Shimwa. Shusha mkono, muzee. Nimeiona."